Kabla ya Malakal, mlango wa shangazi

Begi lilikuwa tayari tangu Alhamisi. Ndani yake mlikuwa na magauni manne, doti tatu za kanga, viatu vya mpira, msahafu mdogo, dawa ya mbu na kile kifaa cha mbao chenye umbo la pembe fupi ambacho wakunga hukiweka juu ya tumbo la mama mjamzito ili kusikiliza moyo wa mtoto. Kilichobaki ni safari yenyewe. Jumanne alfajiri angevuka kutoka Kojani kwenda kisiwa kikubwa cha Pemba, kisha Unguja, kisha Dar es Salaam, na hatimaye Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Kutoka Juba angepelekwa Malakal, mji ulio kando ya Mto Nile Mweupe, akafanye kazi ya ukunga kwa mwaka mmoja akiwa mfanyakazi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa.

Ana miaka 28, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yake ni mvuvi, kama walivyo wanaume wengi wa Kojani. Mama yake husuka ukili na kuuza vitumbua asubuhi. Mpango wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioanza kazi mwaka 1971, haulipi mshahara bali posho ya kujikimu. Binti alilieleza hilo nyumbani mara tatu, na mara zote tatu mama yake aliuliza swali lilelile: "Sasa unakwenda kutafuta nini huko wanakouana?"

Jibu alikuwa nalo. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi ambako uzazi huua wanawake wengi zaidi duniani. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalionesha vifo 1,223 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Wakunga waliosoma ni wachache, barabara hujaa maji msimu wa mvua, na vita vimewatoa watu makwao. Mkunga anayejua kuzuia damu baada ya uzazi ana kazi huko kila siku ya Mungu.

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Hata hivyo, tangu siku ya usaili, binti huyu hakuwa akilala vizuri.

Usaili ulifanyika kwa simu ya video. Waliomsaili walimuuliza juu ya kazi, juu ya afya yake, juu ya kuishi mbali na nyumbani. Mwishoni mmoja wao aliuliza kama angeweza kumhudumia mama wa upande wowote, katika mji ambao watu wake wamegawanyika na kupigana, bila kubagua wala kuonekana anabagua.

"Ndiyo," alijibu, hata kabla swali halijamalizika.

Wakaandika, wakamshukuru, simu ikakatika. Naye akabaki ameshika simu, akiwaza usiku mmoja wa mwaka 2016.

Mzazi asiyeifika Kojani huenda asielewe ukubwa wa jambo hili mpaka aone jinsi nyumba zilivyo. Kisiwa ni kidogo na watu ni wengi. Nyumba zimegusana, na vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Ukipika samaki, jirani anajua ni changu au ni dagaa. Mtoto akilia usiku, nyumba nne zinaamka. Katika mahali kama hapo hakuna ugomvi wa mbali. Usiyezungumza naye unamsikia akikohoa.

Mlango wa shangazi yake binti huyu, dada wa baba yake, uko hatua 15 kutoka kwao. Alipokuwa mdogo hakujua nyumba ipi ni yao hasa, kwa sababu alilala popote usingizi ulipomkuta. Shangazi ndiye aliyemfundisha kusuka ukili. Ndiye aliyempeleka chuoni siku ya kwanza kusoma Kurani.

Kisha zikaja siasa, au tuseme zilirudi, kwa maana Pemba zilikuwapo siku zote.

Kila mzazi wa Zanzibar anaijua historia hii. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 uliacha watu hawazungumzi. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano yalizimwa kwa risasi, na zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao Pemba. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, wengi wao kwa mashua na madau. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenzake, ikawa na wakimbizi wake. Ukaja muafaka wa Oktoba mwaka huohuo. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kupeana mikono, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakakubali kwa kura ya maoni kuwe na serikali ya umoja wa kitaifa. Kwa miaka michache watu walipumua.

Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa. Tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa, na chama kimoja kikubwa kikasusia. Pemba ikagawanyika kati ya waliokwenda kupiga kura na waliokataa kwenda. Yalitokea mambo ambayo leo wengi hawapendi kuyataja: duka hili halimuuzii yule, harusi hii haiendwi na wale, na hata maziko yakawa na watu wa upande mmoja.

Katika nyumba mbili zinazotenganishwa na hatua 15, mmoja alikwenda kupiga kura na mwingine hakwenda. Nani alikwenda na nani hakwenda, kwa hadithi hii haina haja. Mama wa binti na shangazi yake waliacha kusalimiana siku ileile.

Wakati huo binti alikuwa na miaka 20, mwanafunzi wa chuo cha afya Unguja, amekuja nyumbani mapumzikoni. Wiki chache baada ya kura, usiku wa manane, palibishwa hodi.

"Hodi. Mwanangu, hodi." Ilikuwa sauti ya shangazi. "Mkaza mwana wangu anaumwa uchungu na mambo yamekuwa mazito. Njoo umtazame."

Taa ilikuwa bado inawaka. Mama yake alinyoosha mkono akaizima. Kisha, gizani, akamshika binti yake kifundo cha mkono. Hakumbana. Alimshika tu, kama mtu anavyomshika mtoto njiani. Binti angeweza kujitoa. Hakujitoa. Hodi ikarudiwa mara mbili, kisha zikasikika nyayo zikiondoka.

Asubuhi walisikia yaliyotokea. Mzazi alibebwa juu ya kitanda hadi pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, wanaume wakapita kwenye tope wakiwa wamemnyanyua mabegani mpaka walipoifikia mashua. Mtoto alizaliwa humo mashuani, katikati ya mkondo, na baada ya kuzaliwa damu ikawa haikatiki. Walifika hospitali mwanamke akiwa hajitambui. Mungu alimnusuru. Mama na mtoto, wa kiume, walirudi Kojani baada ya siku tisa.

Muhula ule binti alikuwa amefundishwa hasa jambo hilo: mtoto akishatoka, msugue mama tumbo la uzazi mpaka likaze, mtie mtoto kwenye titi mapema, angalia damu. Alikuwa mwanafunzi, hakuwa mkunga. Pengine kwenda kwake kusingebadili kitu. Lakini kila alipojiambia hivyo, jambo moja lilibaki mahali pake. Alikuwa macho, na hakuamka.

Hakumwambia mtu. Alimaliza chuo, akapata kazi, akazalisha wanawake ambao hakumbuki idadi yao. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza chama chake. Kuna wakati alidhani ameshalipa.

Ukimuuliza kwa nini aliomba kwenda Sudan Kusini, atakutajia kwanza baba yake mdogo. Huyu ni mmoja wa waliokimbilia Shimoni mwaka 2001, wakati binti akiwa na miaka 5. Aliondoka usiku na akarudi baada ya miezi mingi, amekonda. Katika yote aliyoyaona kambini, kitu anachokisimulia mara nyingi zaidi si njaa wala mvua. Ni muuguzi mmoja, Mkenya, aliyemkuta amejikunja na homa.

"Watu wote nilioonana nao siku zile waliniuliza mie wa upande gani," husema. "Yule dada aliniuliza, unaumwa wapi."

Maneno hayo mawili binti aliyachukua utotoni na hayakumtoka. Alipoona tangazo la wakunga wa kujitolea, aliona kama zamu imefika. Kuna watu waliowahi kuwa wageni wa wengine kambini, na mtoto wao sasa anaweza kwenda kumuuliza mtu wa mbali anaumwa wapi.

Kisha akaanza kusoma habari za Malakal, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuona kwao.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Tarehe 15 Disemba 2013 vita vilianza Juba, kutokana na mgogoro kati ya Rais Salva Kiir na aliyekuwa makamu wake, Riek Machar. Kwa muda mfupi ugomvi wa wakubwa ukageuka kuwa wa Wadinka na Wanuer, na watu kwa makumi ya maelfu wakakimbilia ndani ya kambi za walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Malakal, mji wa Washilluk, Wadinka na Wanuer, ulitekwa na kutekwa tena mpaka ukabaki magofu. Waliokimbilia kambini waliishi humo kila kabila na sehemu yake. Februari 2016 mapigano yalizuka ndani ya kambi hiyohiyo. Watu wasiopungua 25 waliuawa, na makazi ya maelfu yakateketea kwa moto. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ulipunguza vita vikubwa, lakini haukuwarudisha watu wote kwao, wala haukurudisha imani.

Alizihesabu tarehe. Februari 2016, Malakal inaungua. Machi 2016, Zanzibar inarudia uchaguzi. Aprili 2016, Sudan Kusini inatia saini Dar es Salaam kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi huo Wadinka na Wanuer wakawa, kwa karatasi, ndugu wa jumuiya moja na Wapemba. Na kwa karatasi yeye na shangazi yake nao walikuwa ndugu.

Si kwamba anafananisha. Kojani hakuna kambi iliyochomwa, na yeye analijua hilo na anamshukuru Mungu. Alichokiona ni mbegu. Katika simulizi alizosoma, watu wa huko walikuwa wameoana, wameuziana ng'ombe na samaki, wamesoma darasa moja. Hakuna aliyeanza kwa kumchukia jirani yake. Walianza kwa kumwita jina jingine.

Kwao, jina hilo ni "wale".

Mama yake hasemi tena "kwa wifi yangu". Husema "kwa wale". Usipite kwa wale, pita njia ya msikitini. Kuku wa wale ameingia ukumbini. Wale wameamka mapema leo. Jioni moja, wiki ya mwisho kabla ya safari, binti alimuuliza mdogo wake wa mwisho, mwenye miaka 9:

"Wale ni nani?"

"Ni wale tu," mtoto akajibu.

"Wamefanya nini?"

Mtoto alifikiri. "Sijui. Hatwendi kwao."

Mtoto huyo alizaliwa mwaka wa uchaguzi uliofutwa. Chama hakijui, kura hajawahi kuiona. Mwenzake wa nyumba ya pili, yule aliyezaliwa mashuani, sasa ana miaka 8. Wote wawili husoma skuli moja na chuo kimoja cha Kurani. Wakiwa skuli hucheza pamoja. Wakirudi, wakishafika kwenye kichochoro, kila mmoja hushika ukuta wake. Hakuna mzazi aliyewaambia wafanye hivyo. Walijifunza kama watoto wanavyojifunza kuongea, kwa kusikia.

Usiku huo ndipo swali la usaili lilipomkaa vizuri. Atakwenda Malakal, atasimama mbele ya mama wa Kishilluk na mama wa Kinuer, na kwa wote wawili atakuwa mwema. Itakuwa rahisi. Hawakumkosea, wala yeye hajawakosea. Kumsaidia mgeni ni kazi nyepesi kuliko kumsalimia jirani. Je, anakwenda huko kwa sababu anahitajika, au kwa sababu ni mbali na mlango wa shangazi?

Alimfuata baba yake pwani, akamkuta anashona wavu.

Wanaume wa Kojani wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago. Msimu ukifika hufunga safari kwa miezi, wakapiga kambi kwenye fukwe za watu, Tanga, Mafia, Kilwa, hata Kenya, wakavua na kurudi. Baba yake amekwenda dago tangu akiwa na miaka 14, na kwake kufanya kazi ugenini si habari mpya. Ushauri wake kwa binti ulikuwa wa dago tupu.

"Ukifika diko la watu, kwanza tafuta mwenyewe, omba ruhusa," alisema. "Usijifanye unajua maji yao. Na ugomvi wao usiuingie, hata wakikwambia ukweli uko upande gani. Kila upande una ukweli wake."

"Na nyinyi chomboni, mwaka ule wa 2016, mlikuwaje?"

Baba aliangalia wavu. Yeye na mume wa shangazi ni mabaharia wa chombo kimoja kwa zaidi ya miaka 20.

"Tulivua," akasema. "Wavu hauvutwi upande mmoja. Baharini tulizungumza kama kawaida. Tukishuka pwani, kila mtu na njia yake."

"Na baba hukuona ajabu?"

"Niliona." Akanyamaza, kisha akaleta methali ambayo wanaume wa makamo huiweka karibu kwa siku kama hizo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. "Nilichukua jembe," akasema. "Labda nimelima sana."

Disemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali ya Dk. Hussein Mwinyi, salamu zilianza kurudi Kojani. Wakubwa walikuwa wamekubaliana, na wengi chini wakafuata. Mama na shangazi nao husalimiana tangu hapo, wakikutana kisimani au msibani. "Hujambo." "Sijambo." Lakini hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake. Maridhiano ya wakubwa huandikwa na kutiwa saini, na hilo ni jema. Ila hakuna mkataba unaotaja mlango wa shangazi yako. Huo umeachiwa wewe.

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, binti alijifunga kanga, akatoka, akahesabu hatua. Zilikuwa 15 bado.

Shangazi alikuwa barazani anasuka ukili. Yule mtoto wa miaka 8 ndiye aliyemwona mwanzo, akakimbilia ndani ya mlango akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo: "Bibi, kuna mtu wa kwa wale."

Shangazi hakuinua macho. "Huyo si wa kwa wale. Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Mletee mkeka."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa. Alikuwa amepanga maneno mengi, kuhusu safari, kuhusu kuaga, kuhusu dua. Yote yalipotea, likabaki moja.

"Shangazi, usiku ule nilikuwa macho."

Vidole vya shangazi viliendelea kusuka. "Najua," akasema. "Nilikuwa mlangoni taa ilipozimwa. Mtu aliyelala hazimi taa."

Kwa miaka minane alikuwa amebeba siri ambayo haikuwa siri. Machozi yalimtoka, na shangazi alimwacha alie, hakumwambia nyamaza. Akasuka mpaka mwisho wa ukili mmoja, akaunganisha mwingine, kisha akasema jambo ambalo binti hakulitarajia.

"Na mie nikwambie langu. Kwenu sikuja kwanza. Nilikujua uko nyumbani, nilijua unasomea mambo hayo. Lakini nilipita nyumba tatu kutafuta mtu mwengine, ili nisibishe kwa mama yako. Nilipokuja kwenu, muda ulikuwa umeshakwenda. Damu ile nusu yake ni kiburi changu."

Wakakaa kimya. Mtoto aliyezaliwa mashuani alikuwa amechuchumaa karibu nao, anachezea kipande cha ukili, haelewi kwamba wanazungumza juu yake.

Hapakuwa na kukumbatiana. Shangazi hakusema "nimekusamehe", na binti hakuomba neno hilo. Aliulizwa kitu kimoja tu.

"Huko uendako, ukipigiwa hodi usiku, utaamka?"

"Nitaamka."

"Hata usipojua ni nani?"

"Hata nisipojua."

"Haya," shangazi akasema. "Nenda. Na mama yako mwambie..." Akasita, akatafuta neno. "Mwambie nimekuona, uzima upo."

Mama alipoambiwa hakujibu. Aliendelea kuchambua mchele. Magharibi ikaadhiniwa, wakaswali, wakala. Ni wakati wa kulala, akiwa ameshageukia ukutani, ndipo alipouliza: "Yule mguu wake unaomsumbua, umepoa?"

Lilikuwa swali la kwanza juu ya wifi yake kwa miaka minane. Na ili aulize, ilibidi awe alikuwa akimtazama siku zote jinsi anavyotembea.

Jumapili na Jumatatu binti alikuwa na mambo mengi ya kufikiri, na kwa mara ya kwanza hayakumnyima usingizi. Lugha: Kiarabu alichosoma chuoni ni cha Kurani, na Kiarabu cha Juba ni kingine, ingawa aliambiwa kwamba Waswahili hawakosekani huko, kwa kuwa wengi walikulia ukimbizini Kenya na Uganda. Joto. Mafuriko. Woga wa kusikia risasi. Hofu ya kumpoteza mama mkononi mwake, ambayo kila mkunga anayo hata akiwa nyumbani. Yote hayo alikuwa ameyapanga moyoni kama nguo begini.

Na lile swali la usaili alilipatia jibu jingine, ingawa hakuna tena wa kumpa. Wangemuuliza leo kama anaweza kuhudumia pande zote bila kubagua, asingesema "ndiyo" upesi. Angesema: niliwahi kupigiwa hodi na mtu wa upande wa pili nikajifanya nimelala, na aliyekuwa mlangoni alikuwa shangazi yangu. Najua jinsi mkono unavyokushika gizani, na jinsi unavyokuwa mkono wa mtu unayempenda. Kwa hiyo nitakapoona muuguzi wa Malakal anachelewa kuamka kwa sababu ya kabila la anayebisha, sitamdharau. Nitamwamsha.

Hawezi kuupatanisha mji ambao mikataba imeshindwa kuupatanisha. Hakutumwa kwa hilo. Ametumwa kusugua matumbo yakaze, kukata vitovu kwa wembe safi, kuandika uzito wa watoto. Mtoto mchanga hupimwa kwa gramu, na katika daftari la uzazi hakuna safu ya "wale".

Jumanne alfajiri, kabla ya jua, wote walikuwa macho. Baba alikuwa ameshatangulia pwani kuandaa mashua, pamoja na mume wa shangazi, kwa sababu mashua ni yao wote wawili. Mama alikuwa jikoni akipika chai na vitumbua. Yule mdogo wa miaka 9 alikuwa amekalia begi kulifunga zipu.

Ikasikika hodi, ndogo, ya sauti ya mtoto.

Mdogo wake alichungulia, akageuka. "Mama, ni yule wa kwa..." Akanyamaza, hakujua amalizie nini.

"Bibi kanituma nibebe mkoba," ikasema sauti ya nje.

Mama alisimama na mwiko mkononi. Binti hakusema kitu, aliona si pahala pake. Kichochoro kizima kilikuwa kimya, na mtoto aliyezaliwa mashuani alisubiri kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Karibu," mama akasema mwishowe. Kisha, kwa kuwa mtoto hakutikisika: "Pita, mwanangu, usisimame mlangoni. Umekunywa chai?"